Mwalimu, Ipange Likizo Yako kwa Mwezi na Bamvua

Agosti yangu ya kwanza nikiwa mwalimu niliwachukua watoto saba, wa kaka yangu na wa majirani, nikawapeleka ufuoni Bamburi, Mombasa. Ilikuwa Jumapili, saa kumi jioni. Nilikuwa nimewaahidi mchanga: kujenga vijumba, kupiga mpira, kufukuza kaa. Tulipotokeza baharini, mchanga haukuwapo. Maji yalikuwa yamejaa mpaka yanapiga kuta za hoteli, upepo wa kusi unavuma, na umati mzima wa Jumapili umebanana kwenye kipande cha nchi kavu kisichozidi darasa langu. Mtoto wa kati wa kaka yangu alizolewa miguu na wimbi, akaanguka kifudifudi, akanywa maji ya chumvi. Ndara zake zikachukuliwa tukiziona. Magharibi ilitukuta tumesharudi Kisauni, watoto wamenuna, mimi sina sauti wala nauli ya kesho.

Mamangu alikuwa barazani akichagua mchele. Hakunigombeza. Aliniuliza tu tarehe ya mwezi wa Kiislamu, "Leo mwezi ngapi?"

Nikahesabu. "Kumi na sita, mama."

"Mwezi kumi na sita, saa kumi, nawe wenda kutafuta mchanga?"

Mamangu ni binti wa mvuvi wa Likoni. Ratiba ya muhula haijui, lakini bahari anaijua kama anavyoijua njia ya kisimani. Swali lake lile limenipangia likizo zangu zote tangu siku hiyo, na ndilo ninalotaka kukupa wewe mwalimu mwenzangu unayeanza kazi, hasa kama una wazazi, wadogo zako na watoto wa ndugu wanaokusubiri nyumbani wakijua kwamba mwalimu akifunga shule, basi ni wao.

Likizo ya Agosti kwetu Kenya ni wiki tatu tu, na hupita kama maji mkononi. Wenzetu wa Ulaya wakati huo wako kwenye majira yao ya joto na likizo ndefu. Sisi tuko kipupwe. Jua halichomi, usiku unatafuta shuka, na bahari ya nje ya mwamba imechafuka kwa kusi. Ni wakati mzuri mno wa kutembea na familia Mombasa, kuliko Desemba ambapo joto linawachosha wazee na fuo zimejaa wageni wa bara. Ila lazima ujue uende wapi siku gani.

Kabla ya matembezi, lala. Nakuambia hili kwa moyo wote kwa sababu mwaka wa kwanza sikulala. Siku ya kwanza tu ya likizo nilikuwa sokoni Kongowea alfajiri, ya pili nikafua mapazia ya nyumba nzima, na wiki ya pili nikaanguka na homa. Mwalimu anayefundisha gredi ya nne yenye watoto wengi huongea kutoka asubuhi mpaka alasiri akishindana na darasa la upande wa pili wa ukuta. Koo lake limekwaruzika miezi mitatu. Sasa siku tatu za mwanzo simwahidi mtu kitu. Nalala, nakunywa maji ya moto na tangawizi, naongea kidogo. Kikundi cha wazazi kwenye simu nakizima mlio. Mamangu alidhani naumwa mara ya kwanza, nikamweleza, akaelewa. Siku hizi yeye ndiye anayewaambia watoto, "Mwacheni shangazi yenu, bado yuko shuleni."

Maazimio ya kazi ya muhula wa tatu nayo yatakuita. Yatengee siku moja, katika wiki ya mwisho, uyamalize kwa kikao kimoja. Ukiyaweka mezani tangu mwanzo, utayatazama kila siku bila kuyagusa, na hutapumzika wala hutafanya kazi.

Halafu kuna majirani. Hili si jambo dogo kwa mwalimu kijana, maana wengi wao ni watu waliokulea. Atakuja mama wa nyumba ya pili, atabisha hodi, utamwamkia shikamoo, ataitikia marahaba, na kabla hajakaa ameshamsukuma mwanawe mbele: "Mwalimu, u nyumbani eti. Basi huyu hesabu zimemshinda, mshikie hata saa mbili tu kila asubuhi." Mwaka wa kwanza nilipokea mmoja, kufika Ijumaa barazani kwetu walikuwa kumi na mmoja. Sikulipwa, na sikutaka kulipwa, lakini likizo yangu iliishia hapo. Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 inakataza kumlazimisha mwanafunzi masomo ya likizo, na nadhani waliotunga kifungu hicho walimfikiria mtoto. Mimi namfikiria na mwalimu. Ninachofanya sasa ni kumjibu mzazi kwa adabu: "Mama, hesabu tutazikuta shuleni. Jumatatu nawapeleka watoto baharini, nipe na wako." Hakuna aliyekasirika bado. Na huyo mtoto aliyeshindwa hesabu, ukimpa kazi ya kugawa nauli ya matatu ya watoto saba, utashangaa.

Sasa mwezi. Hesabu yake ni nyepesi, na wazee wote wa pwani wanayo kichwani. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, yaani kwenye tarehe 1 na 15 za mwezi wa Kiislamu na siku mbili tatu zinazofuata, kuna bamvua: maji hujaa sana na hupwa sana. Tofauti yake hapa Mombasa hupita mita 3, ambayo ni zaidi ya urefu wa mlango wa nyumba. Siku hizo maji hupwa mnamo saa nne au saa tano asubuhi, na hujaa mnamo saa kumi au kumi na moja jioni. Hapo ndipo niliponaswa mimi. Mwezi ukiwa nusu, kwenye siku ya saba au ya ishirini na mbili hivi, ni maji mafu: hayapandi sana wala hayashuki sana, na saa zimegeuka, yanajaa asubuhi na kupwa alasiri. Kila siku husogea mbele kama dakika 50. Ukiijua Jumatatu, Alhamisi utaipata kwa vidole.

Kwa hiyo ukitaka mchanga mpana wa watoto kukimbia, nenda siku za bamvua kuanzia saa tatu asubuhi, na ifikapo saa saba muwe mnakunja mkeka. Ukitaka kumfundisha mtoto kuogelea, chagua asubuhi ya maji mafu, maji yametulia na yanamfika kifuani bila kumvuta. Na wakati wa kusi usimwachie mtoto tyubu akaelea peke yake hata kwenye kina kidogo. Upepo unamsogeza taratibu kuelekea kaskazini, yeye anacheka, nawe ukiinua kichwa unatafuta kofia yake kati ya kofia mia.

Agosti ya 2025 mwezi ulikuwa mpevu tarehe 9, Jumamosi. Nikawaacha watu wa mwisho wa juma waende zao, nasi tukaondoka Jumatatu tarehe 11, mapema, kuelekea Likoni. Kwa watoto wa Kisauni safari yenyewe ilianza kivukoni. Kuvuka feri kwa miguu hakulipiwi, na sijui matembezi mengine ya bure mjini yenye mambo mengi hivyo: mlango wa chuma unaoshuka kwa kishindo, watu wanaoingia kama mto, na ghafla meli ya makontena inapita mbele yenu kuingia bandarini, ndefu kuliko mtaa wetu. Niliwauliza kwa nini meli kubwa namna ile haikwami. Mkubwa, wa miaka kumi na mmoja, akafikiri, akasema, "Kwa sababu ni Kilindini." Nikataka kumkumbatia pale pale. Jina hilo la bandari amelisikia tangu kuzaliwa, siku hiyo akakisikia kilindi, yaani maji marefu, kilichomo ndani yake.

Shelly Beach maji yalikuwa yameondoka. Mwamba umebaki wazi mbali kabisa, umejaa vidimbwi. Niliwavisha wote viatu vya plastiki, maana kuna wanyama wa baharini wenye miiba mirefu myeusi ambao mtu akiwakanyaga mara moja hawasahau maishani, na nikawapa sharti moja: tunatazama, hatuchukui kilicho hai. Kitinda mimba wa kaka yangu, mwenye miaka mitano, alichutama kwenye kidimbwi kisichozidi sufuria ya wali. Akakaa kimya muda mrefu, jambo ambalo si tabia yake. Kisha akaita kwa sauti ya chini, kama mtu aliye msikitini: "Shangazi, jiwe latembea." Nikainama naye. Alikuwa kaa mdogo aliyehamia ndani ya kombe tupu la konokono, anajivuta kwa miguu miwili mitatu, akifika kwenye ufa anasimama, anazunguka, anajaribu upande mwingine. Tulimtazama mpaka magoti yakauma. Kando yake palikuwa na kiti cha pweza chekundu, yule mnyama mwenye umbo la nyota, ambacho mtoto alikihurumia kwa kuwa, alisema, hakina mtu wa kukikalia.

Mama mmoja alikuwa akisaka pweza kwa chuma chake karibu nasi. Tukamwamkia. Akawaita watoto, akawaonyesha tundu chini ya jiwe. "Mkiona makombe matupu yamelala mbele ya tundu hivi, mwenyewe yumo ndani. Amekula, ametupa taka mlangoni." Nimefundisha somo la wanyama na makazi yao mara tatu kwa picha za kitabu. Sijawahi kuwaona watoto wakinyamaza vile.

Neno moja kuhusu kurudi, na hili usilichukulie kwa wepesi. Maji yakigeuka hayaji kutoka mbele tu. Hujaza kwanza mifereji iliyo nyuma yako, kati yako na ufuo, wakati wewe bado unatazama mawimbi kwa mbali na kujiona uko salama. Kwa hiyo ile saa ya kupwa kabisa ndiyo saa ya kuanza kurudi. Mimi huweka kengele ya simu robo saa kabla yake, na ikilia hakuna mjadala.

Kutoka ufuoni tulikwenda kwa bibi yangu, mama yake mamangu. Huko ndiko ninakopata starehe yangu ya likizo, ile ya kwangu mwenyewe: kusuka ukili, ule utepe wa miyaa unaoshonwa kuwa mkeka. Nilianza Agosti ya pili kwa sababu nilikuwa nimekaa naye barazani sina la kufanya, mikono inatafuta madaftari. Bibi huipasua miyaa kwa ukucha wa kidole gumba, zote upana mmoja, bila kutazama. Huinyunyizia maji isikatike. Kisha vidole vyake vinaanza kupishana, kushoto chini ya kulia, kulia juu ya kushoto, na ukili unashuka mapajani kama utepe. Wangu ulipinda. Mahali pengine ulibana, pengine ulilegea mpaka unaona mchana. Bibi aliuchukua, akaufumua wote bila kusema neno, akanirudishia miyaa mikononi. Mara ya tatu nikaharakisha ili nifike walau urefu wa mkono kabla ya adhuhuri.

"Wenda mbio wapi, mjukuu wangu?" akaniuliza. "Ukili hauna kengele."

Watoto wa kaka yangu walikuwa wamekaa wanaona mwalimu anafumuliwa kazi yake. Mkubwa akanisogelea, akanong'ona, "Pole, shangazi, utajua tu." Ni maneno yangu yale yale ninayowaambia wao. Nilipofungua shule Agosti ile, yule msichana wa dawati la nyuma ambaye hugeuza herufi zake kila siku nilimsahihisha kwa namna nyingine, polepole, kwa sababu nilikuwa nimekumbuka vidole vikikataa kutii inakuwaje. Kama unatafuta jambo la kufanya likizoni, jifunze kitu ambacho hukiwezi kabisa, kwa mtu asiyejali kwamba wewe ni mwalimu. Kushona kofia, kupika mkate wa mofa, kucheza bao na wazee, chochote. Kusoma vitabu ni kuzuri, nami nasoma usiku, lakini hilo tayari unaliweza.

Siku za maji mafu ni siku za mjini. Ngome ya Fort Jesus watoto wa Mombasa wengi hupelekwa mara moja na shule, mistari miwili, mwalimu anapiga kelele msitoke nje ya foleni, na nimekuwa mwalimu huyo. Kwenda na familia ni jambo jingine. Kitambulisho ubebe, bei ya mwananchi si ya mgeni. Usiwape tarehe zote. Wareno waliijenga kati ya 1593 na 1596, Waomani wakaizingira tangu 1696 na kuitwaa 1698, Waingereza wakaigeuza jela; hayo watayapata darasani. Wewe wapeleke kwenye ile michoro ya ukutani, ya majahazi na samaki, iliyochorwa na wanajeshi wa Kireno waliokuwa wamekwama humo mbali na kwao. Mtoto wa kati alisimama mbele ya merikebu moja, akauliza kama aliyechora aligombezwa kwa kuchafua ukuta. Sikuwa na jibu. Tuliporudi nyumbani nilimpa makaa ya jiko na kipande cha katoni, na jioni nzima alichora feri ya Likoni na watu wake, kila mtu na mzigo wake.

Mkitoka ngomeni, Mji wa Kale uko hapo nyuma. Tembeeni bila mpango. Mamangu hupenda kukaa kwenye baraza za mawe, anatazama milango iliyochongwa na kueleza ni nani alikuwa akikaa nyumba gani zamani. Mwachie muda. Matembezi ya familia huharibika kwa sababu vijana tunatembea kwa mwendo wetu na wazee wanatufuata wakihema.

Haller Park pale Bamburi kuna kiingilio, kwa hiyo sisi ni mara moja kwa mwaka. Watoto hukimbilia twiga na mamba. Mimi huwasimamisha kwanza chini ya mivinje, niwaambie kwamba hapa palikuwa shimo la kuchimbia mawe ya saruji, halimei hata jani, mpaka mwaka 1971 Rene Haller, mtaalamu wa kilimo wa kiwanda hicho cha saruji, alipoanza kupanda miti. Mivinje ikashika, majani yake yakaanguka lakini hayakuoza, na kilichoyageuza kuwa udongo ni jongoo. Jongoo yule yule wanayemkimbia bafuni.

Jioni zilizobaki ni Mama Ngina, bustani iliyo kando ya bahari. Chini ya mibuyu, upepo wa kusi usoni, kachri za muhogo zenye pilipili na ndimu, dafu moja kwa watu wawili. Hapo hakuna la kushauri, nendeni tu.

Fedha nayo niiseme. Nilipokuwa nalipwa na bodi ya shule, kabla ya ajira ya Tume ya walimu (TSC), Agosti ilikuwa mwezi mkavu kwangu. Miezi ya likizo sikulipwa. Walimu wengi vijana bado wako hapo. Kama ni wewe, anza kuweka kidogo Mei, Juni na Julai, kwenye simu, mahali usipopaona kila siku, na mwambie mama mapema kiasi ulichonacho. Mimi nilificha, nikakopa ili nionekane mwalimu mwenye mshahara, na deni lile nililipa mpaka Novemba. Mwaka uliofuata nilimwambia ukweli. Akanijibu, "Basi chakula changu." Tangu hapo tunatoka na mahamri ya nyumbani, mbaazi kwenye chupa ya moto, na chupa mbili za sharbati ya ukwaju. Matembezi yetu yote ya Agosti iliyopita, nauli, kiingilio na madafu, hayakufika shilingi elfu sita kwa watu wanane.

Ijumaa ya mwisho kabla ya kufungua nilivuka tena Likoni peke yangu kumuaga bibi. Tuliutandaza ukili wangu sakafuni, naye akaupima kwa mikono yake mwenyewe, akisema yangu ni mirefu, itadanganya. Pima nne na kidogo. Mkeka wa kulalia unataka nyingi zaidi ya hizo. Akaukunja, akaufunga kwa ugwe, akautundika kwenye msumari juu ya kitanda chake, karibu na tasbihi. "Desemba uje na miyaa yako," akasema. Nilikuwa kivukoni saa kumi na moja, mwezi umebakiza siku moja kuandama, na maji yalikuwa yamejaa hadi kwenye ngazi.